Matangazo ya parifoot: kwa nini yanachekesha

Tangazo la parifoot lenye kuchekesha ni mchezo mufupi ambao kampuni ya kamari inatengeneza kwa kutumia mambo ya mupira: golikipa anapitishwa mupira kati ya miguu, ao mufuasi anaapa hataangalia tena timu yake, na siku ya Mungu yuko wa kwanza mbele ya televizyo.

Kampuni inafanya vile juu ya jina lake. Mu kartie watu wanajua parifoot inakula makuta. Kusema "sisi tuko wazuri" haisaidie kitu. Inafaa kampuni ionekane kama rafiki mwenye kuangalia mechi pamoja na sisi. Hapa Kindu udongo uko tayari: Maniema Union ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika msimu wa 2024-2025, na kila kijana iko na timu yake ya Ulaya vilevile.

Mabingwa wa mtindo huu ni Paddy Power, kampuni ya Ireland iliyoanza mwaka 1988. Juni 2012, kwenye Kombe la Ulaya, Nicklas Bendtner wa Denmark alifunga bao mbele ya Ureno, akashusha bukta kidogo, na jina la kampuni hiyo likaonekana kwenye chupi yake. UEFA ilimutoza euro 100,000 na kumufungia mechi moja. Kampuni ikasema itamulipia. Tangazo la bei rahisi, ukifikiri vizuri.

Julai 2019 Huddersfield Town ya Uingereza ilionyesha jezi mupya yenye jina la Paddy Power kubwa sana, toka bega mpaka kiuno. Wafuasi walikasirika. Kisha siku chache ikajulikana ni mzaha: jezi ya kweli haikuwa na tangazo hata moja. Hivyo kampuni ya kamari ikageuka mutetezi wa jezi safi!

SportPesa ya Kenya ilipita njia ingine, ile ya sifa: jina lake lilikuwa kwenye jezi ya Everton, na Julai 2017 Everton ilikuja Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia.

Serikali zimeanza kubana. Tangu Oktoba 2022, Uingereza inakataza matangazo ya kamari yenye kuvuta sana watoto, ya wachezaji wakubwa wa mupira yakiwemo. Aprili 2025 Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30.

Ukiangalia tangazo, angalia kicheko kinaangukia nani: mwamuzi, golikipa, mufuasi. Ni mara chache sana kinaangukia tiketi iliyopasuliwa. Tuchukue mufano. Watu wawili wanaweka franka 1,000 kila mumoja, mumoja upande huu, mwingine upande ule, na kila upande unazidishwa mara 1.85. Kampuni inapokea 2,000, inalipa 1,850, inabaki na 150, hata nani akishinda. Ukiunganisha mechi 10 za namna hiyo kwenye tiketi moja, kwa wastani kila franka 1,000 inarudisha karibu 460 tu.