Mamalia wa baharini na kelele za binadamu

Utafiti wa mamalia wa baharini na kelele za binadamu ni tawi la elimu ya bahari linalochunguza jinsi nyangumi, pomboo, sili na jamaa zao wanavyoitikia sauti za meli, sonari za kijeshi, utafutaji wa mafuta na ujenzi baharini. Chini ya maji jicho halifiki mbali, lakini sauti hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Nyangumi na pomboo huitegemea kwa kuitana, kutafuta chakula na kumkwepa adui.

Aliyewaamsha watafiti ni nyangumi wa Cuvier (Ziphius cavirostris), mnyama mwoga asiyeonekana mara kwa mara. Mei 1996, wapatao 12 walikwama pwani ya Ghuba ya Kyparissia, Ugiriki, wakati meli ya NATO ikijaribu sonari. Machi 2000 nyangumi na pomboo 17 walikwama Bahamas, na mwaka uliofuata Jeshi la Wanamaji la Marekani lenyewe likakubali kwamba sonari za manowari zake ndizo zilizoelekea kuwa chanzo. Septemba 2002 ikawa zamu ya Visiwa vya Kanari: nyangumi 14, katikati ya mazoezi ya kijeshi. Waliopasuliwa walikutwa na viputo vya gesi mwilini, dalili zinazofanana na maradhi ya wazamiaji wanaopanda juu haraka mno. Mwaka 2004 Hispania ilipiga marufuku sonari hizo kuzunguka visiwa hivyo, na katika miaka iliyofuata nyangumi hawa hawakukwama tena kwa makundi huko.

Mzoga, hata hivyo, hauonyeshi mnyama alifanya nini aliposikia mlio. Jibu lilihitaji kumfuata akiwa hai, na hapo ndipo kifaa kiitwacho DTAG kilipobadili mambo. Kilibuniwa Woods Hole, Marekani, na mhandisi Mark Johnson akishirikiana na Peter Tyack, mtaalamu wa tabia za nyangumi. Ni kirekodi kidogo kinachoshika ngozi kwa vikombe vya mpira, bila kumchoma mnyama. Watafiti humsogelea kwa boti ndogo na kukibandika mgongoni kwa ufito mrefu. Nafasi ni finyu, kwa sababu nyangumi wa Cuvier hukaa juu dakika chache tu kisha huzama; mmoja aliyefuatiliwa karibu na California alifika mita 2,992. Baada ya saa kadhaa vikombe huachia, kifaa huelea na kutoa ishara ya redio hadi kiokotwe. Ndani yake mna kila kitu: kina, kila pigo la mkia, vidoko ambavyo nyangumi hupiga gizani akisaka ngisi, na jinsi vidoko vinavyoharakishwa hadi kuwa mvumo anapokaribia windo. Mtafiti anaweza kuhesabu majaribio yake ya kukamata chakula moja baada ya jingine.

Mnyama akishazoea kifaa hicho, meli hushusha kipaza sauti na kucheza mlio wa sonari, ukianzia chini na kupandishwa hatua kwa hatua; akionyesha taharuki kubwa, jaribio husimamishwa. Ni haki kuuliza kama inafaa kumsumbua mnyama ili kujua anavyosumbuka. Lakini manowari hupiga milio mikubwa zaidi bila yeyote kupima, na bila vipimo hivi hakuna sheria ambayo ingeweza kuandikwa kwa uhakika.

Majaribio ya Bahamas ya 2007 na 2008 yalionyesha nyangumi wakikatisha vidoko, wakiacha kuwinda na kujitenga. Mazoezi halisi ya kijeshi yaliwafukuza eneo hilo kwa siku mbili au tatu. Kusini mwa California, nyangumi wa Cuvier waligutuka sauti ilipowafikia kwa desibeli 89 hadi 127. (Desibeli za majini haziwezi kulinganishwa moja kwa moja na za hewani.) Viwango hivyo viko chini sana ya vile vinavyoumiza sikio, na hili ndilo funzo kubwa kuliko yote: hofu peke yake yatosha kuleta madhara. Hali ya mnyama nayo ina uzito. Nyangumi wa buluu wanaolisha kina kirefu huweza kuacha kula, huku wanaolisha karibu na uso wa maji wakiendelea.

Bahari ya Hindi nayo imeguswa. Mwaka 2008 pomboo wapatao 100 wa aina ya Peponocephala electra waliingia katika hori la Loza, kaskazini-magharibi mwa Madagaska, na wengi wakafa. Jopo huru la wanasayansi lilitoa ripoti mwaka 2013: kichocheo kilichoelekea zaidi kilikuwa mtambo wa kupima sakafu ya bahari kwa mwangwi, uliotumika katika utafutaji wa mafuta. Mamia ya pomboo waliokufa Nungwi, Unguja, Aprili 2006 pia walizusha tuhuma za sonari, lakini hazikuthibitishwa.

Kelele ya meli za kawaida ni ngumu zaidi kuichunguza, kwa kuwa haikomi. Ilipungua kwa muda tu Septemba 2001, safari za meli zilipopungua baada ya mashambulizi dhidi ya Marekani. Katika Ghuba ya Fundy, Kanada, kelele ilishuka kwa desibeli 6, na kinyesi cha nyangumi wa aina ya Eubalaena glacialis kikaonyesha kupungua kwa homoni za msongo.