Biashara haramu ya meno ya tembo nchini Tanzania

Biashara haramu ya meno ya tembo nchini Tanzania ni uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, unaounganisha ujangili katika hifadhi za Tanzania na masoko ya Asia ya Mashariki. Biashara ya kimataifa ya meno ya tembo ilipigwa marufuku na mkataba wa CITES mwaka 1989.

Namna inavyofanyika

Mtandao huwa na ngazi kadhaa. Majangili huua tembo, madalali hukusanya meno kutoka vijijini, na wafadhili wa mijini hutoa fedha, silaha na usafiri. Shehena husafirishwa kwa makontena kupitia bandari za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, ikifichwa chini ya bidhaa halali. Mnamo Novemba 2013 meno 706 yalikamatwa katika nyumba moja Mikocheni, Dar es Salaam. Mwezi huohuo shehena nyingine ilikamatwa Zanzibar, ikiwa chini ya makombe ya baharini. Kwa kuwa majangili hupata malipo madogo na ni rahisi kuwapata wengine, kuwakamata wao peke yao hakuvunji mtandao.

Athari

Idadi ya tembo nchini ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Pori la Akiba la Selous liliathirika sana: mwaka 2013 walihesabiwa tembo 13,084 tu katika eneo la Selous na Mikumi. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya shehena zilizokamatwa duniani zilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Katika ikolojia ya Serengeti, mkoani Mara na mikoa jirani, tembo hawakupungua kwa kiasi hicho.

Hatua zilizochukuliwa

Serikali iliunda kikosi kazi maalumu kilichofuatilia wafadhili badala ya majangili peke yao. Mwaka 2015 alikamatwa Yang Fenglan, mfanyabiashara kutoka China aliyepewa jina la "Malkia wa Meno ya Tembo". Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu, pamoja na Watanzania wawili, kifungo cha miaka 15 kwa kosa lililohusu vipande 860 vya meno.

Mapambano hayo yaligharimu maisha. Agosti 2017 Wayne Lotter, mwanzilishi mwenza wa taasisi ya PAMS iliyosaidia kikosi hicho, aliuawa kwa risasi Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka huohuo China ilifunga soko lake halali la meno ya tembo.