Ajuza wa Shropshire na Maradhi ya Istiska

Maradhi ya istiska, ambayo ni maji kujaa mwilini hata miguu ikavimba na tumbo likafura, yamewashughulisha matabibu tangu kale, na katika taabu zao mojawapo ilikuwa kupambanua maji na nyama. Mwanamke mwembamba akivimba huonekana upesi, ilhali mnene aweza kuyachukua maji siku nyingi na watu wa nyumbani wakadhani kuwa amenenepa tu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliigawa istiska mafungu matatu: ya nyama, ambayo maji huenea viungo vyote, ya kiriba, ambayo maji hukusanyika tumboni, na ya ngoma, ambayo tumbo hujaa upepo na kulia likipigwa. Kipimo kilikuwa mkono wa tabibu mwenyewe, aliyebonyeza kidole mguuni kisha akatazama kama shimo limebaki.

Katika jimbo la Shropshire, Uingereza, alikuwako ajuza mmoja aliyekuwa na dawa ya siri ya familia, na kwa dawa hiyo mara nyingine aliwaponya wenye istiska walioshindikana kwa madaktari. Mwaka 1775 daktari William Withering aliulizwa maoni yake juu ya dawa hiyo, akaona kuwa ndani yake mna majani ya namna ishirini au zaidi, naye, kwa kuwa alikuwa bingwa wa elimu ya mimea, hakukawia kutambua kwamba lenye nguvu ni moja tu, la ule mmea wa maua ya zambarau yaning'iniayo mfano wa kengele, uitwao digitalisi. Dawa ya ajuza iliwatapisha na kuwaharisha wagonjwa vibaya sana. Withering akashika kazi ya miaka kumi ya kutafuta kadiri iliyo salama, akaacha kuyachemsha majani, akatumia unga wa majani makavu yaliyochumwa wakati wa maua, na mwaka 1785 akatoa kitabu chenye habari za wagonjwa zaidi ya 150, waliopona na waliokufa pamoja, pasipo kuficha.

Humo aliandika kwamba dawa haikufaa aghalabu kwa wenye nguvu nyingi, nyama zilizokazana na uso mwekundu, bali iliwafaa waliopauka, wenye mapigo dhaifu na miguu inayobonyea kidole. Napenda sana uangalifu huu, kwani alitazama hali ya mwili wala hakuhukumu kwa ukubwa wake. Alidhani kwanza kuwa dawa huamsha figo, lakini aliona pia kuwa ina nguvu juu ya mwendo wa moyo, na huko ndiko siri yake iliko.

Ajuza hakuandikwa jina. Hilo la Mama Hutton, linalosimuliwa hata leo, lilizuka katika tangazo la dawa huko Marekani karne ya 20, na si haki kumvika mtu wa kweli jina la kubuniwa.

Baada ya Withering, Richard Bright, tabibu wa London, alibainisha mwaka 1827 kwamba uvimbe mwingine hutoka katika figo zilizoharibika: mkojo wa mgonjwa ukitiwa katika kijiko na kupashwa moto juu ya mshumaa, huganda kama ute wa yai. Na mwaka 1940 Allen na Hines, wa Mayo Clinic huko Marekani, walieleza wanawake ambao miguu yao yote miwili hunenepa kwa mafuta tangu kiuno hata kifundo, nyayo zikabaki kama zilivyo, na kidole kikibonyezwa kisiache shimo lolote la kutajika; wakaiita hali hiyo lipedema.

Wanawake wa namna hii wamelaumiwa mno kwa ulafi, na wengine, ambao kweli wana maji ya moyo au ya figo, wameambiwa wapunguze chakula na kurudishwa nyumbani. Mwanamke mnene anayelalamika miguu anastahili kubonyezwa kidole na kupimwa mkojo sawasawa na mwembamba, na daktari asiyefanya hivyo hajatimiza kazi yake.