Beji ya Keya: namna ya kuitambua kabla hujaiuza

Nyumba nyingi za hapa Pwani zina babu aliyekuwa Keya, na mara nyingi alichoacha ni beji moja tu ndani ya kikopo cha vifungo. Nimeona wajukuu wakiitoa kwa bei ya chai kwa wanunuzi wa vitu vya kale, na wengine wakiuziwa ya bandia kwa bei ya dhahabu. Basi tuelewane.

Keya ni zile herufi K.A.R., King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902. Alama yake ni baragumu lenye kamba (si siwa ya Pate hiyo, jamani, ni kijibaragumu cha askari wa bunduki wa Uingereza). Nambari ikiwepo, ianze hiyo, maana ndiyo itajayo kikosi. 1 na 2 ni za Nyasaland, Malawi ya leo. 3 ni ya Kenya, 4 ya Uganda, na 6, baada ya Vita vya Kwanza, ni ya Tanganyika. 5 na 11 za Vita vya Pili ni za Kenya pia. Ukikuta 6 kwa babu wa Mombasa usiitupe. Huenda alijiandikisha Tanga kwa wajomba zake.

Halafu igeuze. Mimi huamini mgongo wa beji kuliko uso wake. Beji nyingi za zamani ziligongwa kwa mashine kwenye shaba nyembamba, kwa hiyo nyuma huonekana mabonde ya picha ya mbele. Iliyomiminwa kwenye mchanga huwa nzito, mgongo umejaa vitundu, na herufi zimevimba.

Beji nyingine za jeshi na polisi wa enzi hizo zina taji. Taji la mfalme, la 1901 hadi 1952, lina matao yaliyopanda kama kuba. La Malkia Elizabeth matao yake yamebonyea katikati. Hapo wauzaji hupenda kusema "kuba, basi ni ya kale", lakini Mfalme Charles amelirudisha taji la kuba tangu 2022, kwa hiyo taji peke yake si ushahidi.

Nakuombeni msizisugue kwa ndimu na majivu. Kule kulika kwa kingo ni mkono wa babu mwenyewe akiing'arisha kwa gwaride, na ukiisugua upya unafuta hilo.

Yenye K.A.R. ya kikosi cha Kenya ni ya kabla ya uhuru, Desemba 1963, vikosi vilipogeuka Kenya Rifles. Na kama kikopo kina nishani ya fedha ya Vita vya Kwanza, soma ukingo wake kwa kioo cha kukuzia: nyingi zimechorwa nambari na jina la askari. Za Waingereza za Vita vya Pili kwa kawaida hazikuandikwa jina, na ndiyo maana beji ile ndogo huwa na thamani zaidi kwa familia.