Unaenda Kuvua Trauti Nyeri? Hizi Ndizo Rangi za Nzi Bandia Unazofaa Kubeba

Kama wewe na mbogi yako mmepanga kwenda Mto Gura, Chania ama Sagana kuvua trauti, kuna swali litawakwamisha mapema: kati ya wale nzi bandia wote wa kila rangi, unabeba gani? Ukikosea, utakuwa umelipia leseni na mafuta ya gari, halafu unarudi Nairobi na picha za maporomoko pekee. Lakini tulia. Nzi watano wanatosha, bora ujue kusoma maji.

Nzi bandia ni ndoano iliyofungwa manyoya, sufu na uzi mpaka ikafanana na mdudu ama kisamaki. Na usidhani ni kitu cha majuu tu. Kenya ina mafundi wengi wanaofunga nzi hawa kwa mkono, na kazi yao huuzwa Ulaya na Marekani.

Jua unawinda nani

Trauti si mwenyeji wa huku. Mlowezi Ewart Grogan ndiye alimtia katika Mto Gura mwaka wa 1905, na tangu hapo ameenea kwenye mito baridi ya Aberdare na Mlima Kenya. Ni mwindaji kamili: anakula wadudu wa majini, kaa wa mtoni, viluwiluwi na samaki wadogo, hata watoto wa trauti wenzake. Hujificha nyuma ya jiwe, kichwa kikiangalia maji yanakotoka, na kungoja mkondo umletee msosi. Kitu kikipita, ana sekunde moja hivi ya kuamua kama atakidaka.

Ndiyo maana rangi si kitu cha kwanza. Kwanza ni kina anachopita nzi wako, kisha ukubwa na umbo. Rangi inafuata. Lakini maji yakibadilika, hiyo rangi ndiyo inaamua kama ataonekana kabisa.

Maji masafi, unaona mawe chini

Hapa ni kama Januari na Februari, kabla mvua haijaanza. Trauti anaona vizuri na ni mwoga. Tumia nzi mdogo wa rangi ya asili: kahawia, kijivu ama kijani cha zeituni. Pheasant Tail na Hare's Ear, namba 14 hadi 16, ndio wenyewe. Kumbuka namba za ndoano zinaenda kinyume: namba ikipanda, nzi anakuwa mdogo. Vitu vya kung'aa wacha nyumbani, vitamtisha.

Maji ya rangi ya chai

Mvua ilinyesha juzi na mto unaanza kutulia. Hapa ndipo samaki mkubwa hujiachilia, kwa sababu naye anajua haonekani vizuri. Panda hadi namba 8 ama 10. Beba Mrs Simpson, nzi wa manyoya ya kahawia anayefanana na kisamaki ama kaa, ama Woolly Bugger wa kijani cha zeituni. Mvute kwa vipande vifupi vifupi, kama kitu kinachojaribu kuhepa.

Maji ya matope

Wengi wakiona matope hukimbilia rangi kali wakidhani ndiyo itaonekana. Anza na nyeusi, buda. Mwanga unatoka juu, kwa hivyo samaki aliye chini anaona kivuli, na hakuna rangi inayotoa kivuli kizito kama nyeusi. Woolly Bugger mweusi ama Zulu mwenye mkia mwekundu atafanya kazi. Mpitishe polepole karibu na ukingo, mahali maji hayana nguvu. Mto ukiwa umefurika kabisa, kunywa chai. Hakuna samaki anayefaa kukugharimu maisha.

Jioni, samaki wakiruka

Ukiona viduara juu ya maji, weka nzi wa kuelea kama Royal Coachman, namba 12 ama 14. Yale mabawa meupe ni ya kukusaidia wewe umwone. Trauti anamwangalia kutoka chini, anga ikiwa nyuma yake, kwa hivyo anachosoma zaidi ni umbo. Giza likianza kuingia, rudi kwa nyeusi.

Ukirusha na hakuna kitu

Usibadilishe rangi kila dakika, utamaliza siku ukifunga mafundo. Fuata mpangilio huu: kwanza mzamishe nzi zaidi. Ikikataa, punguza ukubwa. Ikikataa tena, ndipo ubadilishe rangi. Na ujiangalie pia, maana shati jeupe na kivuli chako juu ya maji humfukuza trauti kabla hajaona nzi wowote. Tembea ukitoka upande wa chini wa mto, nyuma yake.

Kabla hujatoka nyumbani

Ulizia leseni kwa ofisi ya uvuvi, na ukiingia mbuga ya KWS, jipange na kiingilio pia. Tembea na mtu anayejua msitu huo, kwa sababu nyati na ndovu hunywa maji ya mto huohuo. Kale kajino ka ndoano kabane kwa koleo, ili samaki atoke bila kuchanika.

Na ukishika yule mkubwa, lowesha mikono, piga picha haraka, umrudishe. Mto wa mlimani ni mdogo. Mzazi mmoja ukimpeleka kwa sufuria, mwaka ujao mbogi yako itakuwa inarusha nzi kwa maji matupu, hata mkiwa na rangi zote za dukani.