Ukurasa Uliochanwa Katika Biblia

Anayemtafuta babu aliyepigania uhuru wa Marekani, katika vita vya 1775 hadi 1783, hutegemea sana majalada ya pensheni, kwa kuwa moto wa mwaka 1800 uliteketeza nyaraka za Wizara ya Vita. Sheria ya 1836 iliwapa pensheni wajane walioolewa kabla mume hajamaliza utumishi wake vitani. Ushahidi wa ndoa utoke wapi? Wengine walichana ukurasa wa kumbukumbu katika Biblia ya nyumbani, wakautuma Washington. Sisi tuliofundishwa kutokunja hata pembe ya Biblia hatuthubutu kumlaumu mjane huyo mzee. Kurasa hizo zingalipo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na majina ya watoto, hata waliokufa wachanga.