Hadubini ya Eksirei na Uchunguzi wa Seli Nzima

Hadubini ya eksirei ni chombo kinachotumia mionzi ya eksirei, badala ya mwanga wa kawaida au elektroni, kukuza taswira ya vitu visivyoonekana kwa macho. Katika baiolojia, nafasi yake iko katikati ya hadubini mbili zilizozoeleka. Hadubini ya mwanga huonesha seli ikiwa nzima, lakini kwa kawaida haitofautishi vitu vilivyotengana kwa chini ya nanomita 200. Ile ya elektroni huona vitu vidogo zaidi mara nyingi, ila seli hulazimika kukatwa vipande vyembamba sana, kwa kuwa elektroni hazipenyi mbali. Eksirei hupenya seli yenye unene wa takribani mikromita 10 bila kisu.

Eksirei hizo si zile zinazopiga picha za mifupa hospitalini. Ni eksirei laini, zenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 2.3 na 4.4, eneo ambalo wataalamu huliita dirisha la maji. Humo maji hufyonza mionzi kidogo, ilhali kaboni iliyomo katika protini na mafuta hufyonza takribani mara kumi zaidi. Seli hujichora yenyewe, bila kutiwa rangi. Mwanafizikia wa Ujerumani, Hans Wolter, alieleza faida hiyo mwaka 1952.

Ugumu ulikuwa lenzi. Kioo hufyonza eksirei hizo na karibu hakizipindishi kabisa. Badala yake hutumika bamba dogo lenye mamia ya pete, moja ikipitisha mionzi na inayofuata ikiizuia, na kila pete ni nyembamba kuliko iliyo ndani yake. Kikundi cha Günter Schmahl katika Chuo Kikuu cha Göttingen kiliendeleza mabamba hayo tangu miaka ya 1970, kikitumia mionzi ya sinkrotroni. Upana wa pete ya mwisho ndio unaoamua udogo wa kitu kitakachoonekana. Mwaka 2005 watafiti wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, Marekani, walitangaza kutofautisha vitu vilivyotengana kwa chini ya nanomita 15. Hata hivyo, walichokipima kilikuwa mistari iliyotengenezwa maabara, si seli.

Tofauti hiyo si ndogo. Pete ya mwisho ikipunguzwa upana kwa nusu, kina kinachoonekana kwa ukali hubaki robo. Lenzi yenye pete ya nanomita 25, kwa mawimbi ya nanomita 2.4, huona vizuri unene wa takribani mikromita 1 tu. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu ina kipenyo cha mikromita 7 hadi 8. Inapozungushwa ili ipigwe picha za pande zote, kingo zake hutoka nje ya kina hicho na kufifia. Kwa sababu hiyo, mbunifu anayetaka seli nzima mara nyingi huchagua kwa makusudi lenzi isiyo kali kupita zote, uamuzi unaoweza kumshangaza asiyeifahamu kazi hii.

Gharama nyingine ni mionzi yenyewe. Ili kuona kitu cha nusu ya ukubwa, dozi inayohitajika huongezeka takribani mara 16, na dozi kama hiyo huharibu seli. Ndiyo maana sampuli hugandishwa kwa kasi, kabla maji hayajafanya fuwele za barafu, na kuhifadhiwa kwa nitrojeni oevu inayochemka katika nyuzi joto 196 chini ya sifuri. Ubaridi hauzuii madhara yote, ila huiwezesha seli kustahimili picha nyingi zinazounganishwa na kompyuta kuwa umbo la pande tatu.

Miongoni mwa walionufaika mapema ni watafiti wa malaria. Mwaka 1997 zilichapishwa picha za eksirei, zilizopigwa Berkeley, za kimelea Plasmodium falciparum kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu, na chembe hiyo haikuwa imekatwa.